Walijua au Hawakujua? Mafunzo ya Usalama kutoka Westgate hadi Riverside

Kila ubalozi wa nchi ya kigeni unapowatahadharisha raia wake wasiende maeneo fulani ya Nairobi, simu zetu hujaa ujumbe kabla jua halijatua. Kuna wanaosema serikali inajua kila kitu na imenyamaza makusudi. Kuna wanaosema serikali imelala fofofo, ndiyo maana habari za nchi yetu tunazipata kwa wageni. Baada ya siku mbili tatu mjadala huzimika, na kila mtu hubaki na hofu aliyokuwa nayo, pengine imeongezeka kidogo.

Pande zote mbili zinauchukulia usalama wa taifa kama kazi moja inayofanywa na mtu mmoja. Ukweli ni kwamba ndani yake mna kazi nne: kujua kabla, kuzuia, kukabiliana na tukio likishaanza, na kutoa hesabu mambo yakiisha. Idara moja inaweza kufanya yake vizuri na nyingine ikaharibu, na raia akaona maiti tu bila kujua kosa lilitokea wapi. Mashambulio mawili ya Nairobi, la Westgate mwaka 2013 na la hoteli ya DusitD2 mtaani Riverside mwaka 2019, yanaonyesha vizuri nchi ilijifunza nini na nini ilikikwepa.

Tuanze na maneno yenyewe. Ugaidi ni matumizi ya nguvu, mara nyingi dhidi ya raia wasio na silaha, ili kuitia hofu jamii nzima au kuilazimisha serikali ifuate matakwa ya kundi fulani. Jambazi anataka mali yako na njia ya kutorokea. Gaidi anayevamia jengo la mjini hataki mali, na mara nyingi hana mpango wa kutoka akiwa hai. Anachotafuta ni watu wengi, kamera nyingi na muda mrefu. Shika tofauti hiyo, maana mbele kidogo tutaona watu waliokufa kwa sababu haikutambuliwa mapema.

Ujasusi ni kukusanya na kuchambua habari kabla ya tukio. Kenya, kazi hiyo ni ya Idara ya Taifa ya Ujasusi, NIS. Upelelezi ni kazi ya polisi: kutafuta ushahidi utakaosimama mahakamani. Huo uko chini ya DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, pamoja na kitengo chake cha kupambana na ugaidi, ATPU, kilichoundwa mwaka 2003. Jasusi anaweza kuwa na habari anayoiamini kabisa, lakini isiyoweza kumweka mtu ndani hata siku moja. Wa kukabiliana ni wengine tena: kwa polisi kuna Recce, kikosi maalumu cha GSU (polisi wa kutuliza ghasia), na kwa jeshi kuna KDF, ambalo kazi yake ya msingi ni kuilinda nchi dhidi ya adui wa nje.

Sasa Westgate. Jumamosi, 21 Septemba 2013, saa sita na nusu hivi mchana, watu wanne wenye bunduki na maguruneti waliingia katika jumba hilo la maduka lililoko Westlands. Juu, kwenye maegesho ya paa, watoto walikuwa katika shindano la mapishi lililoandaliwa na kituo cha redio. Watu 67 waliuawa, miongoni mwao mshairi Kofi Awoonor wa Ghana, aliyekuja Nairobi kwa tamasha la fasihi. Al-Shabaab, kundi la wapiganaji la Somalia, walisema ni kisasi kwa hatua ya KDF kuingia Somalia Oktoba 2011 katika operesheni Linda Nchi. Mzingiro ulidumu siku nne na sehemu ya jengo ikaporomoka.

Je, walijua? Siku chache baadaye magazeti ya Kenya yalichapisha habari zilizovuja kwamba NIS ilikuwa imetoa onyo la shambulio kwa wakubwa kadhaa serikalini. Wengi waliposoma hayo walihitimisha kwamba kesi imekwisha. Lakini fikiria ploti yenye nyumba ishirini, mageti matatu na bawabu mmoja. Ukimwambia bawabu huyo kwamba wezi watakuja mwezi huu, umemwonya kweli. Hujamwambia watakuja usiku gani, kwa geti lipi, wala kama ni wale vijana wanaosimama kila jioni pale kioskini. Atakesha wiki ya kwanza. Wiki ya tatu atasinzia, kwa sababu ni binadamu na yuko peke yake. Maonyo mengi ya kijasusi huwa ya namna hiyo: ni ya kweli, lakini hayakupi pa kushika.

Na dalili huonekana wazi baada ya tukio tu. Aliyeongoza shambulio la Riverside, Ali Salim Gichunge, alikuwa Mkenya aliyepanga nyumba Muchatha, Kiambu, kama mpangaji mwingine yeyote. Kwa mujibu wa habari zilizotolewa wakati ule, siku chache kabla ya shambulio vyombo vya nyumba hiyo vilitangazwa mtandaoni kuwa vinauzwa kwa sababu wenyewe wanahama. Leo tukilisoma tangazo lile damu inasisimka. Siku ile lilikuwa tangazo moja kati ya mengi, katika mji ambao watu huhama kila mwisho wa mwezi na kuuza makochi yao.

Kwa hiyo swali la kuwauliza viongozi wetu ni hili: onyo lilipofika mezani, nani alipewa kazi, alifanya nini, na alipimwa vipi? Ukiuliza kama walijua tu, unampa mkubwa nafasi ya kujibu kwamba vitisho ni vingi, na atakuwa anasema kweli.

Kuhusu balozi za kigeni, jambo ni jepesi kuliko linavyosemwa. Ubalozi wa Marekani, kwa mfano, hufuata kanuni kwamba onyo linalopewa wafanyakazi wake lisifichwe kwa raia wake wengine. Ikibidi kukosea, bora ukosee kwa kuonya. Serikali ya nchi inayolengwa ina mengine ya kufikiria: hofu, biashara, utalii, na uwezekano wa kuwashtua watu inaowafuatilia. Mimi naona raia wa Kenya anastahili kuonywa kwa kiwango kilekile anachoonywa mgeni aliyeketi naye meza moja mkahawani. Lakini serikali ikinyamaza, kimya chake pekee hakithibitishi njama.

Palipoharibika zaidi Westgate ni kwenye kukabiliana, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo funzo kubwa kuliko yote lilipo.

Polisi waliofika mwanzo walidhani ni wizi wa mabavu. Kwa wizi, utaratibu unaeleweka: zingira jengo, funga barabara, subiri, zungumza. Kwa mtu anayeua mmoja baada ya mwingine, kila dakika ya kusubiri ni uhai wa mtu. Walioingia ndani mapema walikuwa askari wachache, baadhi wakiwa na nguo za kiraia, pamoja na raia wenye bastola zilizosajiliwa. Mmoja wao, Abdul Haji, Mkenya Msomali na Mwislamu, aliingia kwa sababu ndugu yake alikuwa amekwama mle ndani. Picha ya mtoto wa kike akimkimbilia ilizunguka dunia nzima. Wote hawa walijitolea, na hawakuwa na mtu wa kuwapanga.

Recce waliingia saa kumi hivi alasiri. Wamefunzwa kwa kazi hiyohiyo ya kupita chumba kwa chumba. Baadaye likaingia jeshi, likiwa na mafunzo tofauti na mkuu wake. Katika vurugu hiyo wanajeshi wakawafyatulia risasi askari wa Recce, na kamanda wa Recce akafa. Kikosi kikatoka nje. Wauaji wanne wakapata muda ambao hawakustahili kuupata. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na siku ile hapakuwa hata na anayejua nahodha ni nani.

Jeshi halikukosa ushujaa wala silaha. Silaha zilikuwa nyingi kuliko zilivyohitajika. Kilichokosekana ni amri moja: mtu mmoja anayejulikana na wote, mwenye mamlaka ya kusema nani aingie, nani asubiri nje, nani ahesabu wanaotoka. Kulipanga jambo hilo kabla ya siku ya tukio hakugharimu pesa nyingi. Kunahitaji wakubwa wa idara tofauti wakubaliane mapema nani atamtii nani, na kwa wakubwa hilo ni gumu kuliko kununua magari ya deraya.

India ilikuwa imelipitia jambo la jinsi hiyo. Novemba 2008 watu kumi wenye silaha waliishambulia Mumbai na kuua watu 166. Makomando wa kitaifa, NSG, walikuwa kambini karibu na Delhi, wakapoteza saa nyingi kabla ya kuingia kazini. Baadaye India ikaweka kambi za kikosi hicho katika miji mingine mikubwa, Mumbai ikiwemo. Kenya ilikuwa na mfano huo mbele yake, lakini tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa alfajiri, Recce walikuwa upande wa Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka pale. Walifika mchana na kuingia ndani jioni. Wakiisha kuingia, kazi ilikwisha kwa muda mfupi sana. Watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi. Hakuna sheria mpya ambayo ingewaokoa vijana wale kuliko ndege iliyo tayari kuruka.

Ndiyo maana Riverside ina uzito. Mchana wa tarehe 15 Januari 2019, mtu mmoja alijilipua karibu na mkahawa ulio ndani ya uwanja wa 14 Riverside, na wenzake wanne wakaingia na bunduki. Safari hii polisi ndio walioshika uongozi, Recce wakiwa mbele. Raia wenye silaha walijitokeza tena, akiwemo Inayat Kassam, mkufunzi wa silaha aliyekuwa Westgate pia. Watu zaidi ya 700 walitolewa salama, na asubuhi iliyofuata Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba operesheni imekwisha. Watu 21 waliuawa, na kwa familia zao hakuna mafanikio ya kusimuliwa hapo. Lakini mwenye kutaka kujua kama nchi inaweza kujifunza, jibu lake ni hili: ndani ya miaka mitano na ushee, siku nne zilikuwa zimegeuka chini ya saa ishirini.

Sasa tuje kwenye imani zinazotupotosha.

Ya kwanza ni kwamba ulinzi ni geti. Baada ya Westgate kila jumba la maduka liliweka kioo cha kumulika chini ya gari na kifaa cha kupitisha mwilini. Umeshaona inavyokwenda: bawabu anakuambia ufungue buti, anatupia jicho magunia ya viazi, anaifunga, na gari la nyuma linapiga honi. Upekuzi huo una faida, unamzuia mtu anayetaka kupenyeza bomu kimyakimya. Lakini Westgate na Riverside washambuliaji hawakupanga foleni. Walianza kuua wakiwa nje. Bawabu asiye na silaha, anayelipwa mshahara mdogo, ndiye wa kwanza kufa. Cha kumpa ni njia ya haraka ya kupiga kengele ya hatari na milango ya dharura inayofunguka. Nenda jumba lolote unalolipenda ukaitazame milango hiyo: mara ngapi imefungwa kwa kufuli ili wezi wa dukani wasiitumie?

Ya pili, na yenye madhara zaidi, ni kwamba ugaidi una kabila na dini. Gichunge alikulia Isiolo, na baba yake alikuwa mwanajeshi wa Kenya. Mmoja wa walioua Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Upande wa pili, Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa, na abiria Waislamu wakakataa kutengana na Wakristo ili wasiuawe. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki mwezi uliofuata. Anayewinda magaidi kwa kutazama sura atawapita wengi na kuwaumiza wasio na hatia.

Na ndivyo ilivyofanyika. Aprili 2014, katika operesheni Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Mashirika ya haki za binadamu, kama Human Rights Watch, yalirekodi madai ya hongo na mateso. Mwezi Juni mwaka huohuo Mpeketoni, katika kaunti ya Lamu, ikashambuliwa na zaidi ya watu 60 wakauawa. Mwaka uliofuata ikawa Garissa. Msako mkubwa huonekana vizuri kwenye taarifa ya habari ya saa moja, lakini unawafungia njia wale hasa ambao habari zao zingetusaidia.

Hebu tazama jambo moja kwa karibu. Yule mhitimu wa sheria wa Garissa alikuwa mtoto wa chifu huko Mandera. Baba yake alikuwa ameripoti serikalini kwamba mwanawe ametoweka. Hapo ndipo ujasusi wenye thamani unapoanzia: mzazi anayeona mtoto amebadilika, amekata mawasiliano, hasemi anakolala. Sasa jiweke katika nafasi ya mama wa Majengo, Mombasa, mwenye mtoto wa namna hiyo. Amesikia, na mashirika kama Haki Africa yameorodhesha, kwamba kuna vijana waliochukuliwa na watu wasiojulikana na hawakurudi, na wengine waliokutwa wamekufa. Akienda kituoni, atakuwa amemwokoa mwanawe au amemuuza? Maadamu hana hakika, atanyamaza, na kimya chake kitatugharimu sote. Ninaposema haki za binadamu ni sehemu ya usalama, nina maana hiyo hasa. Anayemteka mshukiwa usiku anaiziba njia ambayo habari ingemfikia.

Baada ya Westgate serikali ilianzisha Nyumba Kumi, ikiazima wazo kutoka Tanzania. Kule mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi ulikuwepo tangu enzi za TANU, ukiwa ngazi ya chini ya chama, na balozi aliamua hata ugomvi wa majirani. Wanakijiji walimjua, na naye aliwajua. Kenya tulichukua umbo bila kuwa na miaka yote ile ya mazoea. Kwenye ghorofa za Pipeline au Kasarani, ambako mpangaji wa chumba cha pili humjui jina, kiongozi wa Nyumba Kumi hawezi kufanya muujiza. Anafaa pale tu anapoaminika na pale habari anayoipeleka inapofanyiwa kazi kwa haki.

Ya tatu ni kwamba sheria kali zitatuokoa. Sheria ya kuzuia ugaidi tulikuwa nayo tangu 2012, mwaka mmoja kabla ya Westgate. Desemba 2014 Bunge, katikati ya vurugu za wabunge, lilipitisha marekebisho mengine makali ya sheria za usalama. Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vipengele vinane, kikiwemo cha kuwabana waandishi wa habari. Kinachozaa matunda ni kazi ya polepole. Juni 2025, zaidi ya miaka sita baada ya Riverside, wanaume wawili walihukumiwa kifungo cha miaka 30 kila mmoja kwa kuwawezesha washambuliaji, kwa mambo kama fedha na vitambulisho vya uongo. Bunduki ndiyo tunayoiona, ila kabla yake kuna mtu aliyetuma pesa na mtu aliyepata kitambulisho asichostahili. Karani anayeuza kitambulisho cha taifa kwa hongo ni suala la usalama kama lilivyo la ufisadi.

Na kuna wanaosema tukiondoka Somalia yote yatakwisha. Al-Shabaab wenyewe wameitaja Linda Nchi kuwa sababu, na mjadala wa kukaa au kutoka ni halali. Ila tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa na al-Qaeda, watu zaidi ya mia mbili, wengi wao Wakenya, walikufa na maelfu wakajeruhiwa, wakati ambapo hatukuwa na vita na yeyote. Lilikuwa kundi jingine lenye shabaha nyingine. Linatosha kutuonyesha kwamba hatari ina mizizi zaidi ya mmoja.

Imebaki kazi ya nne, ya kutoa hesabu, na hapo ndipo Kenya imeanguka.

Wakati wa Westgate tuliambiwa washambuliaji ni kati ya kumi na kumi na watano. Walikuwa wanne. Tuliambiwa huenda kuna Wamarekani na mwanamke Mwingereza kati yao. Hilo halikuthibitishwa. Waziri wa usalama, Joseph ole Lenku, alisema moshi mzito uliokuwa ukitoka kwenye jengo ni wa magodoro yaliyochomwa na magaidi. Kamera za dukani zilipoonyesha wanajeshi wakitoka na mifuko, mkuu wa majeshi alisema walichukua maji, kisha wanajeshi wawili wakafukuzwa na kufungwa kwa uporaji. Maneno ya namna hii yana gharama. Siku ya shambulio jingine, serikali itakapowaambia watu wapite upande huu na wasipite ule, watu watakumbuka magodoro.

Rais Kenyatta, ambaye mwenyewe alimpoteza mpwa wake Westgate, aliahidi tume ya uchunguzi. Haikuundwa. Kamati ya pamoja ya Bunge iliandika ripoti, na mwaka 2014 Bunge lenyewe likaikataa. Marekani, baada ya mashambulio ya Septemba 2001, iliunda tume iliyowahoji hata viongozi wa juu, na mwaka 2004 ikachapisha matokeo ambayo raia yeyote angeweza kuyasoma. Yaliwaaibisha wengi. Ndiyo yaliyoonyesha pia idara zipi zilikuwa zikinyimana habari.

Tume ya Westgate bado inaweza kuundwa. Maswali yake yako wazi: nani aliliamuru jeshi liingie, nani alijua kwamba Recce wamo ndani, onyo la NIS lilimfikia nani na akafanya nini, jengo liliporomoshwa na nini. Maafisa waliotoa amri siku ile wengi wako hai, na sehemu ya ushahidi imeshawekwa mbele ya mahakama iliyowafunga watu wawili mwaka 2020 kwa kuwasaidia washambuliaji. Mshtakiwa mwingine katika kesi hiyohiyo aliachiliwa huru, na mara baada ya kuachiliwa alitekwa na watu wenye silaha katikati ya Nairobi. Nalo ni swali la tume hiyo kuuliza.